NANI ANAMUUGUZA BIBI? Wafahamu watoa huduma kwa wagonjwa nyumbani



Ukitoka Bagamoyo mjini kwa baiskeli ukaelekea kusini, kilometa kama tano hivi, unafika Kaole. Wengi wenu mmeshafika pale na ziara ya shule. Mmeonyeshwa magofu ya msikiti wa karne ya 13, mmehesabu makaburi ya kale, mmeandika maelezo ya somo la Historia, mkarudi zenu. Leo naomba tuache habari za waliolala makaburini. Tupige hodi kwenye nyumba zilizo jirani, tuwaangalie watu walio hai, wale wanaougua ndani na hawawezi kutoka.

Hebu tuchukue mfano. Yupo msichana wa kidato cha pili, tumwite Mwanaidi. Baba yake ni mvuvi. Mama yake hukaanga samaki na kuwauza sokoni. Bibi yake amepata kiharusi, upande wa kulia umepooza. Amelazwa hospitali wiki mbili, halafu daktari amesema, "Mrudisheni nyumbani, mkamtunze." Basi wamemrudisha. Swali likaja: nani atamtunza?

Baba yuko baharini. Mama akiacha biashara, nyumba haili. Kaka yuko kidato cha nne, eti asisumbuliwe, ana mtihani. Mama akamwambia Mwanaidi, "Mwanangu, wewe ndiye msichana, baki na bibi leo." Leo ikawa kesho. Kesho ikawa mwezi. Mwalimu akaanza kumwandika mtoro.

Je, unamfahamu mtu kama Mwanaidi? Pengine ni wewe mwenyewe. Makala hii ni kwa ajili yako. Tutaona kwamba kumtunza mgonjwa nyumbani siyo kazi ya mtu mmoja. Wapo watoa huduma wa aina nyingi, na kila mmoja ana kazi yake na mipaka yake. Ukiwajua, utajua pa kukimbilia.

HUDUMA YA NYUMBANI NI NINI?

Ni matunzo yote anayopata mgonjwa akiwa kwake: kuoshwa, kulishwa, kupewa dawa kwa wakati, kugeuzwa kitandani, kufanyishwa mazoezi, kuzungumza naye, na kutazamwa kama hali yake inabadilika. Anayehitaji huduma hii ni mgonjwa wa kiharusi, kisukari au saratani, anayeishi na virusi vya UKIMWI, anayetumia dawa za kifua kikuu (TB), mwenye matende, mwenye ulemavu, na mzee ambaye nguvu zimemwisha tu.

Hapa kwetu matunzo haya yapo tangu enzi za mababu. Kilichobadilika ni ukubwa wa mzigo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka ya 1990 wodi zilijaa, watu wakalala chini, na wengi wakarudishwa nyumbani bila dawa, kwa kuwa dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa hazijafika kwa mwananchi wa kawaida. Ndipo watu wakaanza kujipanga. Uganda kilianzishwa chama cha TASO mwaka 1987. Hapa Tanzania WAMATA ilianzishwa mwaka 1989. Waliwatembelea wagonjwa majumbani, wakawafundisha ndugu namna ya kuwatunza. Dawa za virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na leo mtu anayezitumia vizuri anaishi na kufanya kazi zake. Lakini utaratibu wa kumfuata mgonjwa nyumbani umebaki, na sasa unawasaidia pia wenye presha, kisukari na kiharusi.

WATOA HUDUMA NI AKINA NANI?

1. Mwanafamilia

Huyu ndiye wa kwanza, na ndiye mwenye saa nyingi kuliko wote. Halipwi, hakwenda chuo, lakini bila yeye wengine wote hawafui dafu. Kosa kubwa ni kumwachia mtu mmoja. Kosa la pili ni kudhani lazima awe msichana. Mvulana ana mikono miwili kama dada yake. Anaweza kuchota maji, kupika uji, kumgeuza babu, kumsomea gazeti. Kumvua bibi nguo na kumwogesha, hayo yafanywe na mtu ambaye bibi mwenyewe anaridhika naye. Heshima ya mgonjwa haiishi kwa sababu anaumwa.

2. Jirani, rafiki na kikundi

Pwani tunajua kushirikiana kwenye harusi na msiba. Mbona kwenye ugonjwa mrefu tunachoka haraka? Wiki ya kwanza nyumba inajaa watu, wiki ya nne hakuna hata mmoja. Jirani anaweza kupewa kazi ndogo inayojulikana: kukaa na mgonjwa kila Jumanne asubuhi, au kuleta ndoo mbili za maji. Akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, kamati ya msikiti au ya kanisa, hawa nao ni watoa huduma. Waambieni mnachohitaji. Mtu haombwi "msaada" tu, anaombwa kitu.

3. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii

Huyu ni mwanakijiji mwenzenu aliyepewa mafunzo. Anatembea nyumba kwa nyumba, anatoa elimu, anamwona mgonjwa, anamkumbusha dawa na kliniki, anaandika kwenye daftari na kutoa taarifa zahanati. Akiona hatari anaandika rufaa. Tarehe 31 Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima katika miaka mitano, ili kila kitongoji na mtaa uwe na wake. Nenda ofisi ya kijiji au muulize mwenyekiti wa kitongoji: "Mhudumu wetu wa afya ni nani?" Hiyo ni haki yako kujua.

Mipaka yake: siyo daktari. Hapimi na kutibu kila ugonjwa, na habadilishi dozi aliyoandika daktari.

4. Mgawa dawa za kingatiba

Hapa Pwani tuna matende na mabusha, yanayoletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Kampeni ya taifa ya kuyatokomeza ilianza kisiwani Mafia mwaka 2000. Wakati wa kampeni, wanajamii waliofundishwa ndio waliogawa vidonge. Lakini aliyekwisha kuvimba mguu anahitaji matunzo ya kila siku, na hapa mtoa huduma mkuu ni mgonjwa mwenyewe! Aoshe mguu kwa maji safi na sabuni, hasa katikati ya vidole. Aukaushe taratibu kwa kitambaa safi. Aunyanyue akiwa amekaa au amelala, auchezeshe, na avae viatu visivyobana. Familia imsaidie pale asipofikia. Matunzo haya rahisi yanapunguza yale maumivu na homa za ghafla zinazozidisha uvimbe.

5. Msimamizi wa dawa za TB

Tiba ya kawaida ya TB huchukua miezi sita. Baada ya wiki chache mgonjwa anajisikia mzima, anaacha dawa, na vijidudu vinabaki vikiwa sugu. Kwa hiyo tangu katikati ya miaka ya 2000 Tanzania inamruhusu mgonjwa kumeza dawa nyumbani akitazamwa na mtu anayemchagua mwenyewe: mume, mke, ndugu, jirani. Msimamizi anamwona akimeza, anaweka alama kwenye kadi, na anahakikisha anarudi kliniki. Unaona? Kazi ya dakika mbili kwa siku inaokoa maisha.

6. Muuguzi, tabibu na wataalamu wengine

Hawa wamesoma na wamesajiliwa. Muuguzi anasafisha kidonda kikubwa, anaweka au kubadilisha mpira wa mkojo, anachoma sindano iliyoandikwa na daktari. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anafundisha jinsi ya kunyoosha mkono uliopooza ili usikakamae. Wapo wanaokuja nyumbani kutoka kituo cha serikali au shirika, na wapo wa kulipwa, hasa Dar es Salaam. Muuguzi halali ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kumwomba akuonyeshe siyo utovu wa adabu.

Kundi hili lina pia watoa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso kwa mgonjwa wa saratani au ugonjwa mwingine mzito. Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoko Dar es Salaam inawapa wagonjwa morfini ya kunywa. Wenzetu Uganda wana Hospice Africa Uganda tangu mwaka 1993. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie "saratani lazima iume, mvumilie tu." Maumivu yana dawa. Uliza.

7. Mfanyakazi wa nyumbani

Familia nyingi humwachia mgonjwa yule dada wa kazi. Mara nyingi ni binti wa umri wako, ametoka kijijini, hajafundishwa lolote, na anapika, anafua na kulea watoto juu yake. Kama mmempa kazi ya kuuguza, mfundisheni, mpeni sabuni na glavu, mwacheni alale, na mumlipe kwa kazi hiyo. Naye ni mtu.

8. Mganga na mkunga wa jadi

Wapo, na wazee wetu wanawaamini. Tanzania ina sheria ya tiba asili ya mwaka 2002, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalowasajili. Mganga mwema anajua mwisho wa uwezo wake na anasema, "Huyu mpelekeni hospitali." Mkunga wa jadi leo kazi yake njema ni kumsindikiza mama mjamzito kwenda kujifungulia kituoni. Hatari ni pale mgonjwa anapoambiwa aache dawa za hospitali. Hapo sema hapana, kwa adabu, lakini sema.

9. Afisa ustawi wa jamii

Wengi hawamjui kabisa. Anasaidia pale ugonjwa unapogeuka umaskini, ugomvi au mtoto kukosa shule. Pia Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Njia huanzia ofisi ya kijiji, ambako mzee anatambuliwa.

YULE BWANA WA MKOBA

Sasa niwape kisa cha kwetu, ili mjue kwa nini naandika haya.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu babu yangu alipopata kiharusi. Alipotoka hospitali alikuwa anaweza kukaa, kusema maneno machache, na kula mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Alipewa vidonge vya presha, ameze kila siku. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akatuletea bwana fulani. Alivaa koti jeupe, ana mkoba mweusi, anajua kuongea. Akasema, "Hivi vidonge ndivyo vinavyomlegeza mzee. Mimi nitamchoma sindano za kuamsha mishipa." Alikuja mara tatu kwa wiki, na kila akija alichukua shilingi elfu kumi. Shangazi akauza cherehani.

Hakuna aliyemuuliza jina la dawa. Hakuna aliyemuuliza kasoma wapi. Hata mimi, msomi wa familia, niliporudi likizo nilimwamkia shikamoo nikakaa kimya, maana niliona aibu kumhoji mtu mzima mbele ya wakubwa. Babu aliacha vidonge. Wiki ya tano akapata kiharusi cha pili, na safari hii hakusema tena. Tulipompigia simu yule bwana, haikupatikana.

Siwezi kusema kwa hakika babu angepona. Ninachojua ni kwamba presha isiyotibiwa ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi, na sisi tulikubali kuondoa kinga yake kwa sababu ya koti jeupe. Laiti mmoja wetu angefungua mdomo.

MASWALI MATANO YA KUMUULIZA ANAYEKUJA KUMHUDUMIA MGONJWA

Unaweza kuuliza kwa adabu: "Samahani mjomba, nisaidie kuelewa..."

- Umefundishwa wapi, na una kitambulisho au leseni?
- Unatoa taarifa kwa nani? Zahanati gani inakujua?
- Dawa hii inaitwaje, ni ya nini, na kaiandika nani?
- Hili unalofanya linaendana na alichosema daktari?
- Hali ikibadilika usiku, tufanye nini?

Mtoa huduma wa kweli atafurahi. Atakayekasirika, mwambieni asubiri kwanza, mkaulize zahanati. Na jambo moja zaidi: siri za mgonjwa. Anayekuja kwenu akisimulia magonjwa ya nyumba ya pili, kesho atasimulia ya kwenu.

MAMBO AMBAYO WEWE MWANAFUNZI UNAWEZA KUFANYA

Osha mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Ukigusa damu, mkojo, kinyesi au usaha, vaa glavu.

Asiyeweza kujigeuza, mgeuzeni kila baada ya saa mbili. Ngozi ikigandamizwa muda mrefu inakosa damu, inakufa, na kidonda kinaanza. Tazama kila siku visigino, nyonga na chini ya mgongo. Ukiona ngozi imebadilika rangi, usiisugue na usiweke majivu wala unga. Mlaze upande mwingine, toa taarifa.

Mgonjwa wa kiharusi alishwe akiwa amekaa wima, tonge dogo dogo, asiharakishwe. Akipaliwa kila mara, acha kumlisha, mpelekeni kituoni haraka.

Mgonjwa akiharisha, mpe maji ya chumvi ya paketi. Ukikosa paketi, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Yasiyo kazi yako: kuchoma sindano, kukata kidonda, kuongeza au kupunguza dawa.

Kimbilia kituo cha afya mara moja ukiona: mdomo umepinda ghafla, mkono au mguu umelegea, hawezi kusema, anapumua kwa shida, ana degedege, amezimia au haeleweki, ana homa kali, anatoka damu nyingi, au hajakojoa tangu jana. Kiharusi hakisubiri asubuhi. Usiku huo huo tafuteni bajaji, bodaboda au gari.

TURUDI KWA MWANAIDI

Sasa tumpangie. Mama anakwenda shuleni kumweleza mwalimu ukweli. Mwalimu anafuta neno mtoro. Mhudumu wa afya wa kitongoji anafika, anawafundisha wote wa nyumbani, pamoja na kaka, namna ya kumgeuza bibi. Kila mmoja anapewa zamu.

- Alfajiri: kaka anamgeuza bibi na kumpa uji. Mama anamwogesha na kumpa dawa kabla ya kwenda sokoni.
- Asubuhi mpaka saa nane: baba asipokwenda baharini anakaa yeye. Siku nyingine wanapokezana shangazi na majirani wawili.
- Mchana: Mwanaidi anarudi shule, anamnyoosha bibi mkono kama alivyoonyeshwa, wanapiga soga.
- Jioni: Mwanaidi anasoma. Kaka anaosha vyombo. Ndiyo, kaka!
- Usiku: baba na mama wanapeana zamu ya kumgeuza.
- Kila mwezi: bibi anapelekwa kliniki kupimwa presha.

Ratiba hii haitakaa sawasawa kila siku. Jirani atafiwa, mvua itanyesha, samaki hawatauzika. Lakini tofauti ni kubwa. Zamani kukikwama mahali, aliyelipa ni mmoja tu, kwa masomo yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya elimu, na bibi mwenyewe, ukimuuliza, hataki mjukuu wake abaki bila shule kwa ajili yake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Kama wewe ndiye unayeuguza peke yako, usikae kimya. Mwambie mwalimu mmoja unayemwamini. Kulia siyo udhaifu, na kuchoka siyo kukosa mapenzi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI AU KLABUNI

1. Taja watoa huduma watatu walio karibu na nyumbani kwenu. Je, unawajua kwa sura?
2. Kwa nini kazi ya kuuguza huachiwa wasichana? Wavulana, mna jibu gani?
3. Igizeni: kundi moja ni familia, mmoja ni "bwana wa mkoba". Nani atathubutu kuuliza maswali matano, na atauliza vipi bila kuvunja heshima?
4. Tengenezeni ratiba ya wiki ya familia yenye mgonjwa asiyeweza kuamka na wanafunzi wawili. Hakuna anayeruhusiwa kukosa shule.

Haya, kazi kwenu. Jioni ukipita nyumba yenye mgonjwa, piga hodi, amkia, halafu uliza swali moja tu: "Kesho nije saa ngapi?"